Ni Charon, na vile vidogo ni roho

Umeuliza yule mtu mwenye ndevu aliyesimama kwenye mashua katika chupa nyeupe za udongo za Ugiriki ni nani, na vile viumbe vidogo vyenye mabawa ni nini. Ni Charon, mvushaji wa wafu, na vile viumbe ni roho zenyewe. Chupa hizo huitwa lekitho. Watu wa Athens katika karne ya 5 KK walizitia mafuta na kuziweka makaburini, ndiyo maana zikachorwa safari ya mwisho.

Mtazame vizuri Hermes, mungu wa Kigiriki anayeziongoza roho kwenda kuzimu, anapokuwepo kwenye mchoro. Humshika marehemu mkono, taratibu, kama anayemsindikiza mgeni asiyejua njia. Hakuna moto wala mateso, ni ukimya tu. Mimi sijaona mchoro wa kifo wenye huruma kuliko huo.

Tafuta pia chombo kikubwa alichokichora Euphronios mnamo 515 KK: ndugu wawili wenye mabawa, Usingizi na Kifo, wanamwinua Sarpedon, shujaa aliyeuawa katika Vita vya Troya, huku damu ingali ikimtoka. Kilikaa New York miaka mingi, kikarudishwa Italia mwaka 2008.