Ukitaka watu walilinde ziwa, anza na kuhe

Mwaka wa kwanza nilioanza kuzunguka na elimu ya mazingira kwenye mialo ya Kigoma nilifeli vibaya, na kosa lilikuwa samaki niliyemchagua. Nilichapisha bango la vile visamaki vya rangi rangi vinavyokaa kwenye mawe, nikajua nimemaliza kazi, maana kwa macho yangu hakuna kitu kizuri kama vile. Mzee mmoja akaliangalia bango weee, halafu akaniuliza, "Mwanangu, hivi si ndo vile vinapandishwa ndege vikakae kwenye vioo vya wazungu? Sasa sisi vinatuhusu nini?" Watu wakacheka, kikao kikaishia hapo, na soda zangu wakanywa.

Jioni hiyo nipo kwa mama ntilie naona watu wazima wanagombania kichwa cha kuhe, ndo akili ikanijia.

Kwa ambao hamumjui, kuhe ni wa ukoo mmoja na sato, ila kwenye ukoo huo mzima duniani yeye ni kati ya wakubwa kabisa, na anapatikana Ziwa Tanganyika tu, hakuna pengine. Utamu wake usiniulize. Lakini kilichonibeba mimi si utamu, ni malezi. Kuhe anataga maelfu ya mayai, halafu baba na mama wote wawili wanakaa pale pale wanalinda, na vifaranga vikitoka wanaendelea kuvizunguka wiki kadhaa wanafukuza kila kinachosogea. Nikawa naisimulia hiyo stori bila kutamka bioanuwai hata mara moja, halafu nauliza tu: ukivuta kokoro, ule wavu mrefu wa kukokota, hapo ufukweni, au ukipitisha chandarua cha mbu, unabeba nini? Jamaa aliyekuwa anasinzia nyuma kabisa akajibu mwenyewe, "Nabeba mzazi na watoto wake." Mi nikakaa kimya, sikuwa na cha kuongeza.

Kwa hiyo we unayetaka kufanya kazi kama hii kwenye ziwa au mto wa kwenu, tafuta samaki ambaye tayari yuko mdomoni mwa watu kwa jina lake, na awe anaishi pale pale penye tatizo. Kuhe analea watoto karibu na ufukwe, ambako kokoro linapita (limepigwa marufuku kisheria ila si mnajua) na ambako udongo wa vilima vilivyofyekwa unashukia mvua ikinyesha. Ukipatunza hapo kwa ajili yake, vile visamaki vyangu vya bango navyo vinapona, yaani nimevirudisha kwa mlango wa nyuma. Nilishajaribu na dagaa pia, anapendwa sana, ila nani atamwonea huruma kiumbe anayepimwa kwa ndoo?

Na jina lisichukuliwe poa. Kule Ziwa Victoria kulikuwa na mamia ya aina za furu, visamaki vya ukoo huo huo wa sato, wote wakiitwa furu basi. Sangara, ambaye anakula samaki wenzake, akapandikizwa miaka ya 1950, akaja kulipuka kwa wingi miaka ya 1980, aina kibao za furu zikapotea, na ukiuliza mtaani utaambiwa furu wamepungua siku hizi. Utamlilia vipi usiyemjua kwa jina?

Angalizo moja, usije na stori tamu halafu mwisho ukadai kitu kikubwa. Ziwa Tanganyika lilipofungwa, uvuvi ukasimama miezi mitatu kuanzia 15 Mei 2024, watu walibana matumizi kweli kweli, kwa hiyo mi naomba kidogo: wao wenyewe wanionyeshe sehemu moja wanayojua kuhe analea, tukubaliane hapo nyavu zisiguse. Wanapajua kuliko mtaalamu yeyote.

Bango jipya nimechorewa na fundi anayechora mitumbwi, kuhe wawili na kundi la watoto katikati. Yule mzee kaja kuliangalia, kalalamika kitu kimoja tu, kwamba baba kuhe kachorwa mdogo.