Fundi wa Bodi Anajibu: Miguu ya graundi na miguu ya NC

SWALI: Fundi, naunda bodi ya kudhibiti mashine ya kuangulia vifaranga. Chipu ni STM32F103 ya miguu 48. Ina VSS (miguu ya graundi) tatu, na multimita inalia nikigusa zozote mbili, kwa hiyo nimeunganisha mguu wa 23 peke yake. Rilei ya taa za joto ikiwaka, chipu inajizima na kuanza upya. Tena, bodi ijayo itakuwa na chipu yenye miguu ya NC (iliyoandikwa "not connected", haijaunganishwa). Niipeleke graundi? Msomaji, Kariobangi.

JIBU: Ndugu yangu, unganisha zote: 23, 35, 47, pamoja na VSSA (graundi ya sehemu ya analogi), mguu wa 8. Multimita inapitisha mkondo mdogo uliotulia. Chipu ikiwa kazini mkondo unapanda na kushuka ndani ya nanosekunde, na ule uzi mwembamba unaounganisha silikoni na mguu unayapinga mabadiliko hayo, takriban nanohenri 1 kwa kila milimita. Mkondo wote ukilazimishwa kupita mguu mmoja, graundi ya ndani inaruka juu ya graundi ya bodi, na chipu inaanza kusoma mambo yasiyokuwepo.

Angalia pia kila VSS ilivyokaa jirani na VDD yake (mguu wa umeme chanya): 24, 36, 48. Kapasita ya nanofaradi 100 ikae hapo hapo kati ya majirani hao. Bodi nyingi zinazoletwa mezani kwangu Luthuli zina kapasita zote, lakini zimepangwa pembeni palipokuwa na nafasi. Hapo hazisaidii kitu. Rilei nayo iwe na dayodi kwenye koili, na graundi yake irudi moja kwa moja kwenye pawa saplai bila kupitia chini ya chipu.

Kuhusu NC: lehemu mguu kwenye pedi yake ili ushike, kisha usiipe pedi hiyo njia yoyote. Kuna NC ambazo ndani hazina kitu kabisa, na kuna ambazo mtengenezaji anazitumia kupimia kiwandani. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Datashiti (karatasi ya maelezo ya chipu) ikisema peleka graundi, peleka. Usikisie kwa jina pia: chipu ya RP2040 ina mguu wa 19, TESTEN (wa majaribio ya kiwandani), ambao mtu angeuacha wazi, kumbe lazima uende graundi. Chipu hiyo hiyo haina mguu wa graundi pembeni. Graundi yake yote ni pedi ya katikati, chini ya tumbo. Kama huna hoti ea (mashine ya kulehemu kwa hewa moto), toboa tundu pana katikati ya pedi kwenye mchoro wa bodi, ulehemu kutokea nyuma.

Miguu ya kawaida usiyoitumia si NC. Hiyo irekebishe kwenye programu.

Kabla hujaagiza bodi mpya, chukua hiyo uliyo nayo, vuta waya mfupi kutoka 35, 47 na 8 hadi graundi, ongeza kapasita, halafu washa na kuzima rilei taa zikiwa zimeunganishwa. Ikiendelea kujizima, niandikie na picha ya pande zote mbili.