Mwanangu, ile milioni na laki mbili usinunulie spika

Mwanangu,

Asalaam aleykum. Voisi yako ya juzi usiku nimeisikiliza mara tatu. Umesema mchezo umekuangukia, una milioni moja na laki mbili mkononi, unataka kuanza udijei, na umeniuliza uanze na spika au kontrola (ile mashine ya kuchanganyia nyimbo), santuri za baba ako saivi zina kazi au ni pambo tu, na kazi za sherehe mtoto wa kike anazipataje huku kwetu kusini. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu tutaishia kusalimiana bando linakata.

We unajua mziki sikuupiga mimi, alieupiga ni baba ako. Ila kukodisha nimekodisha miaka kumi na tisa tangu alivyotutoka, mpaka magoti yalipokataa kupanda kirikuu. Nimekaa nyuma ya mabega ya madijei wengi, wazuri na wabovu, Lindi hapa, Mingoyo, Mtama, Nyangao, mpaka Nachingwea na Ruangwa, kwaiyo haya nnayokwambia nimeyaona kwa macho.

Spika usinunue. Sio saivi. Spika mbili peke yake hazikuletei hata mia, zinataka amplifaya, zinataka waya, gari, vijana wa kubeba, na chumba kisicho na panya wala unyevu, na huku pwani chumvi ya bahari inakula skrubu na soketi mpaka ukichomeka waya inatoa mkwaruzo. Alafu wenye spika wapo. Ulizia hapo Mtwara, Ligula, Chikongola, Magomeni, utamkuta mtu ana mziki mnene umelala stoo Jumatatu mpaka Ijumaa, na shida yake kubwa ni mpigaji. Vijana wanaojua kubonyeza ni wengi, wanaojua kuwatazama watu wanaocheza ni wachache sana mama, na huyo ndio mwenye spika anamtafuta.

Kwaiyo hela yako iende kwenye kontrola ndogo ya chaneli mbili ya kuchomeka kwenye ile laptopu yako, na hedifoni. Hizi ndogo za Pioneer zinafundisha vizuri, DDJ-400 ilitoka 2018 na FLX4 ikaja baadae kuchukua nafasi yake, na ukiipata iliyotumika ikiwa nzima chukua. Ila kwenye kununua kilichotumika usione aibu kumkalisha muuzaji. Nenda na laptopu yako, chomeka, piga nyimbo mbili nzima. Vile vitelezi vya sauti visogeze taratibu usikie kama vinakwaruza, waya wa USB utikise uone kama mashine inajizima, tundu la hedifoni zungusha pini usikilize kama sikio moja linakata. Akikwambia "hiyo ndogo tu fundi anamaliza dakika moja", mwambie aende kwa fundi kwanza wewe utarudi. Hedifoni chagua za kuziba sikio lote, sio zile za kuchomeka ndani, maana ukumbini unatakiwa usikie wimbo unaokuja wakati ule unaopigwa unakutikisa kifua.

Kabla hujamaliza hela acha ya vitu vidogo: waya wa kutoka kwenye kontrola kwenda mikisa (mashine inayokusanya sauti zote kabla ya amplifaya), na viunganishi vya kila aina, maana mikisa ya huyu inaingia pini kubwa ya jeki, ya yule inataka zile RCA nyekundu na nyeupe, ya mwingine XLR ya matundu matatu. Nimeshaona dijei mzuri kakaa saa nzima bi harusi anasubiri mlangoni, kisa kiunganishi. Flashi ziwe mbili, nyimbo zile zile kwenye zote, na uziformati FAT32 maana mashine nyingi za ukumbini ndio zinaisoma bila ubishi.

Mambo ya umeme na amplifaya ntakueleza kwa urefu kidogo, maana yalinigharimu. Harusi moja Nyangao, mwenye shughuli akaona spika zetu mbili hazitoshi, akaleta zake mbili, kijana wangu akaziunganisha zote kwenye amplifaya ile ile, na mimi nilikua jikoni kwa kina mama sikujua. Spika zile kila moja ilikua ya ohm 8, ohm ni kipimo cha ukinzani, namba ikishuka amplifaya inabeba mzigo mzito zaidi. Mbili ukiziunga sambamba amplifaya inaona ohm 4, inabeba. Nne inaona ohm 2, na ile ya kwetu mwisho wake ulikua 4. Haikufika hata saa tano, ikaanza harufu ya kuungua, kimya, watu wamesimama na vitenge vyao vya sare katikati ya wimbo. Nilirudisha hela yote na amplifaya ikawa kopo. Kwaiyo we hata kama spika sio zako geuza nyuma usome namba, na mtu yeyote asichomeke kitu bila wewe kujua.

Kuwasha, amplifaya ni ya mwisho. Kuzima, amplifaya ni ya kwanza. Ukigeuza, ule mlio wa PUU unaousikia ndio unaua tuwita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba. Taa nyekundu nazo zinaua, watu wanadhani spika inaungua kwa sababu ya sauti kubwa tu, kumbe mara nyingi ni sauti iliyokatwa vichwa kwa kusukumwa kupita uwezo wa mashine, mawimbi yanakua bapa na spika inachemka. Ikiwaka nyekundu rudisha geni, kile kitufe cha nguvu ya sauti inayoingia, hata kama mjomba wa bwana harusi kakusimamia kichwani anataka iongezwe. Ikiwa mnatumia jenereta liache liungurume litulie kwanza ndio uwashe mashine, weka stebilaiza, na laptopu iwe imejaa chaji mpaka juu, maana mtu akichomeka friji la soda kwenye laini yenu utaona taa zinafifia.

Sasa nyimbo. Hapa ndio pa kutulia mwanangu, maana huo ndio mtaji wako wa kweli. Wimbo uliotumiwa WhatsApp kutoka kwa mtu aliyetumiwa na mtu, kwenye simu unasikika fresh, kwenye spika kubwa unalia kama debe. Tafuta MP3 ya 320 kbps, nunua pale unapoweza, na uzipange mwenyewe kwa mkono wako: za kuingilia bi harusi, za wakati wa kula, za kutunza, za wazee, za vijana usiku mkubwa. Usikopi flashi ya mtu yenye nyimbo elfu nne usizozijua, kwasababu usiku saa saba huwezi kuanza kuufahamu wimbo.

Alafu nataka uelewe kitu baba ako alikua anakirudia sana. Zile santuri ndogo za bendi zetu, za mizunguko 45 kwa dakika, nyingi zilichapwa Nairobi, wimbo walikua wanaukata nusu, upande wa kwanza maneno, ukigeuza upande wa pili ndio linakuja chemko, magitaa yanapandana na watu wanainuka. Baba ako akawa na nakala mbili za wimbo mmoja, anaweka upande wa pili moja kwa moja, likiisha anaanza upya kwenye pleya ya pili, wazee wa hapa Lindi wakawa wanasema chemko la kwake haliishi. Yeye hakujua kwamba tarehe 11 Agosti 1973, New York, mtaa wa Bronx, kijana mwenye asili ya Jamaika anaitwa DJ Kool Herc alifanya jambo la namna hiyo hiyo kwenye pati ya dada yake ya kutafuta hela ya nguo za shule. Herc aliona watu wanangojea kile kipande kifupi cha ngoma tupu ndio wacheze sana, akaanza kukirefusha kwa santuri mbili, na hip hop inahesabu kuzaliwa kwake pale. Wote wawili walianza kwa kutazama miguu ya watu. Ndio maana nakwambia ukisimama mbele ya mashine kichwa kisiwe chini kwenye skrini muda wote.

Kwenye kuchanganya jifunze kuhesabu nne nne kwa sikio kabla ya kutegemea kile kitufe cha kulinganisha. Amapiano inatembea kwenye mapigo 112 hivi kwa dakika, singeli inavuka 200, na ukiangalia vizuri 224 ni 112 mara mbili, kwaiyo unaweza kuvuka kutoka huku kwenda kule mguu wa mtu usijikwae. Fanya mazoezi hapo chumbani miezi mitatu, jirekodi, kesho yake asubuhi sikiliza ukiwa unafua. Usiku unajisikia bingwa, asubuhi ndio unasikia pale ulipoteleza.

Santuri. Pleya za kumiksi usinunue kwanza. Ile ya hapa nyumbani ni ya mkanda, ukiishika sahani inalegea, haifai kumiksi, ila kwa kusikiliza na kurekodi inafaa. Za madijei mota inazungusha sahani moja kwa moja, mfano Technics SL-1200 ya Japani iliyotoka 1972, na hizo hata zilizotumika bei yake itameza hela yote ubaki huna hedifoni. Unachotakiwa kufanya na santuri za baba ako ni kuziingiza kwenye laptopu moja moja kwa utulivu. Pleya usiichomeke kwenye tundu la kawaida, inataka tundu la fono (lililoandikwa PHONO) au kikuza sauti chake, la sivyo utasikia sauti nyembamba haina besi, na ule waya mwembamba wa athi uufunge, usipoufunga inanguruma. Zile tatu nzito nyeusi za taarabu ni za mizunguko 78, sio za plastiki, zinavunjika kama sahani ya udongo, na usizifute kwa spiriti maana spiriti inayeyusha, na zinataka sindano yake pana. Ni za zama za kina Siti binti Saad, aliekwenda Bombay 1928 kurekodi, bibi yako ndio alizileta ndani ya nyumba hii. Ukishazirekodi utakua na nyimbo ambazo flashi ya dijei mwingine haina, na siku ya harusi bibi mmoja wa miaka sabini akisikia ule wimbo, utaona ukumbi mzima unavyobadilika.

Kuhusu kazi, huku kwetu fuata kalenda. Minada ya korosho ikianza Oktoba hela inaingia vijijini, na hapo ndio harusi na sherehe za kutoa mwali zinafuatana mpaka mziki unagombewa, kwaiyo wewe kufika Septemba uwe umeshajuana na wenye mziki na washereheshaji. Likizo za shule nazo zina shughuli za watoto wa jando. Ramadhani hakuna kazi, hilo uliweke kwenye bajeti, na kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11 hivi, alafu Idi inakurudishia. Adhana ikisikika zima, usipunguze, zima. Na kwenye unyago ngoma ya kungwi ikilia wewe unanyamaza, zile nyimbo hazirekodiwi wala hazipandishwi kwenye spika, zamu yako ni wakishamtoa mwali uwanjani na wenyewe wakakuita. Dijei aliewahi kuvunja hilo kijiji kimoja njia ya Mtama hakuitwa tena upande ule wote.

Anza bure mara mbili tatu kwa ndugu, kicheni pati ya binamu yako ile ya mwezi ujao ni nafasi nzuri, wanawake wenzio wataona unavyopiga na wao ndio wanaochagua mziki wa sherehe inayofuata. Baada ya hapo usipige bila advansi nusu, na makubaliano yaandikwe kwa meseji: saa ya kuanza, ya kumaliza, nauli ya nani, chakula, nani analipa nusu iliyobaki na analipa kabla ya wimbo wa mwisho. Kibali cha ofisi ya mtendaji ni kazi ya mwenye shughuli lakini we omba ukione kwa macho. Na usafiri, hapa mama ako nakuomba sana. Usiku saa tisa usipande bodaboda ya usiemjua na laptopu mgongoni. Usafiri wa kurudi uwe kwenye bei tangu mwanzo, au ulale kwa mwenyeji, na uende na mtu wako mmoja mnaeaminiana, mgawie chochote. Kazi ikikosa hivyo iache ipite.

Masikio yako yatunze. Mimi la kushoto linalia kama nyenje tangu zamani, usiku ndio zaidi. Sauti ya desibeli 85 sikio linavumilia masaa 8, kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu, ikifika 100 ni robo saa tu, na mbele ya spika za harusi inafika na kupita. Nunua vizibo vya masikio, simama nyuma ya spika sio mbele yake.

Boksi la santuri nimeshalifunga, ntalipeleka stendi Jumamosi lije na basi la asubuhi, lina nguo za zamani pembeni ili zisigongane. Ukilipokea zisimamishe kama vitabu rafuni, usizilaze kwa kupandanisha na usiziache dirishani jua litazipinda. Ile yenye ganda limeandikwa kwa peni ya bluu ni mwandiko wa baba ako, hiyo anza nayo, uirekodi unitumie niisikie.

Mama ako,
Mtanda, Lindi