Kutoka kwaya hadi okestra inawezekana

Mdogo wangu, unauliza kama kuongoza kwaya hapo Tabora kwa nota za solfa (do, re, mi) kunaweza kukufikisha kwenye kuongoza okestra, lile kundi kubwa la wapiga vyombo. Kunaweza, ila anza mapema nota za mistari mitano, maana mwongozaji husoma ukurasa mmoja wenye sehemu za vyombo vyote. Na umudu chombo kimoja hasa. Kinanda cha kanisani kinatosha. Mwongozaji Gustavo Dudamel wa Venezuela alianzia kwenye fidla, akakabidhiwa okestra ya vijana mwaka 1999 akiwa na miaka 18, ndipo akashinda shindano la waongozaji liitwalo Mahler kule Bamberg, Ujerumani, mwaka 2004. Miaka ile mbele ya wapigaji ndiyo iliyomjenga, naamini hivyo kabisa. Wewe unao wanakwaya: mkono wa kulia upige mapigo, wa kushoto uiite sauti ya pili kabla haijaingia.