Video zile zile kwenye kila kishikwambi?

SWALI: Shuleni tuna vishikwambi 30 na bando linaloisha upesi. Video za masomo ziko 100, lakini kila kishikwambi kinabeba 10 tu. Vinaweza kutumiana mafaili bila intaneti. Je, niweke zile 10 zinazotazamwa zaidi kwenye kila kimoja?

JIBU: Hapana, Mwalimu. Mpango huo ungefaa kama kila kishikwambi kingekuwa peke yake, lakini vyako vina majirani. Ukizirudia zile 10 mara 30, shule nzima ina video 10, na anayetaka ya 11 anakula bando. Nafasi zako zote ni 300: zinatosha video zote 100, kwa wastani wa nakala 3 kila moja.

Usigawe nakala sawasawa, wala usifuate umaarufu moja kwa moja. Mahali pazuri pa kuanzia ni kipeuo cha pili: video ikiombwa mara 9 wakati nyingine inaombwa mara 1, ya kwanza ipate nakala 3 kwa 1 ya mwenzake. Nakala ya kwanza ndiyo inayookoa bando. Ya kumi huongeza kidogo sana, na imekalia nafasi ya video isiyopatikana popote.

Kisha fikiria betri. Tuseme kishikwambi kinapatikana nusu ya muda tu. Nakala 1 inakupa uwezekano wa asilimia 50, nakala 3 asilimia 87.5, nakala 5 karibu asilimia 97. Ila hesabu hii inadai kila kimoja kizime kwa wakati wake. Vinavyochajiwa kwenye soketi moja huzimika pamoja, kwa hiyo nakala za video moja zisikae kwenye kundi moja la kuchaji. Hili watu hulisahau sana, nalo ndilo huangusha mipango mizuri.

Kabla ya yote, hakikisha mafaili yanapita wapi. Yakipitia ruta, kila faili husafiri hewani mara mbili: hadi ruta, kisha hadi kwa mwombaji, na chaneli hiyo hiyo inagombewa na darasa zima. Diski iliyochomekwa kwenye ruta ingelituma mara moja tu. Kwa chumba kimoja ningeanza na diski hiyo, kama ruta yako ina tundu la USB. Nakala za kwenye vishikwambi ningezipangia wanafunzi wa bweni, ambako Wi-Fi ya darasani haifiki.