Sijala kitu, mbona sukari imepanda?

Swali: Habari daktari. Nina miaka 54, natumia metformini kwa ajili ya kisukari. Nikipima asubuhi kabla ya kula huwa napata 6 na kitu. Lakini siku ya marejesho ya mkopo, hasa hela ikiwa haijatimia, nakuta 9 hadi 10, na jana yake sikula chochote cha ajabu. Ni mawazo, au mashine yangu mbovu?

Jibu: Salama, mama. Mawazo yanaweza kabisa kupandisha sukari, na hiyo unayoiona imetoka kwenye ini lako mwenyewe.

Ini huweka akiba ya sukari kwa saa ambazo hatuli. Ubongo ukihisi hatari, tezi mbili zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini ndani ya sekunde chache: moyo unakwenda mbio, presha inapanda, ini linafungua akiba ili misuli ipate nguvu ya kukimbia. Baadaye kidogo hufuata kotisoli, homoni nyingine ya tezi hizohizo, inayokaa muda mrefu zaidi. Hiyo hulifanya ini litengeneze sukari mpya, na misuli isiitikie vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari. (Vidonge vya prednisoloni ni jamii ya kotisoli, ndiyo maana mwenye kisukari akipewa, tunamfuatilia sukari kwa karibu.)

Ungekuwa unamkimbia nyoka, misuli ingeichoma sukari hiyo. Deni unaliwaza ukiwa kitandani, kwa hiyo sukari inabaki kwenye damu. Asiye na kisukari, kongosho lake huongeza insulini likaishusha. Lako halimudu tena. Na kotisoli kwa kawaida huwa juu asubuhi, saa hiyohiyo unayopima, tena baada ya usiku wa kukosa usingizi.

Mashine nayo iangalie. Nawa kwa sabuni, kausha mkono, ndipo ujitoboe. Kidole kilichomenya embe hutoa namba ya uongo. Angalia pia kama vijiti vya kupimia havijapita tarehe ya mwisho.

Ila usiyasingizie mawazo kila kitu. Omba kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu. Kikiwa juu, tatizo si la siku za marejesho tu, na dawa zako zinahitaji kuangaliwa upya. Usijiongezee dozi mwenyewe. Jioni ya kuamkia siku ya marejesho, tembea nusu saa baada ya kula: misuli inayofanya kazi huvuta sukari hata pale insulini inapozembea. Na namba zikianza kufika 15, ukasikia kiu kali na kukojoa mara kwa mara, nenda hospitali siku hiyohiyo.