Bomba jembamba si lazima liwe dhaifu

Ndugu, umeuliza kwa nini bomba lako jipya la maji la PE100 (PE ni plastiki ya polithilini) la kipenyo cha milimita 110 lina ukuta wa milimita 6.6 tu, ilhali lile la zamani la PE80 lilikuwa na milimita 8.1, na yote mawili yameandikwa PN10, yaani ya kuhimili presha ya maji ya hadi bar 10. Hujapunjwa. Tarakimu 80 na 100 zinatokana na mkazo ambao plastiki yenyewe inatakiwa kuuhimili kwa miaka 50 katika nyuzi joto 20, yaani megapaskali 8 na megapaskali 10. Kwa hiyo PE100, ikiwa imara zaidi, huhimili presha ileile kwa malighafi pungufu. Ila ukuta mwembamba hausamehi uzembe kiwandani, ndiyo maana mitambo mingi ya kisasa hupima unene kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika bomba likiwa bado linatoka, kisha hurekebisha kasi ya kulivuta papo hapo. Ukipokea mzigo, pima unene kwa kalipa (kifaa cha kupimia chenye taya mbili) sehemu kadhaa kuzunguka mdomo wa bomba. Popote utakapokuta chini ya 6.6, likatae, hata kama upande wa pili umezidi.